Alama za huruma zimeshuka baada ya mafunzo: kosa liko wapi?

Swali: "Mimi ni muuguzi msimamizi hapa Moshi. Nina wahudumu wa afya ngazi ya jamii 22 wanaotembelea kaya za Pasua, Njoro na Kiborloni. Tuliwapa mafunzo ya siku tatu ya kumsikiliza na kumwelewa mteja. Kabla na baada niliwajazisha dodoso la maswali 28 la kupima huruma, nililolipata mtandaoni kwa Kiingereza nikalitafsiri mwenyewe. Wastani ulikuwa 71 kati ya 112, sasa ni 66. Wafadhili wanauliza kwa nini huruma imepungua, na mkubwa wangu anataka wenye alama za chini waondolewe. Nifanyeje?"

Jibu: Sista, usimwondoe mtu, na hiyo ripoti isitoke kwanza. Kwa maelezo yako, dodoso ulilotumia ni lile la Mark Davis wa Marekani, lililotoka mwaka 1980 na ambalo bado linatumika sana duniani. Shida yako inaanzia kwenye hiyo 112. Dodoso hili halisomwi kwa jumla. Ndani yake mna vipimo vinne vya maswali saba saba, kila kimoja kina alama 0 hadi 28, na kimojawapo kikishuka baada ya mafunzo unatakiwa ufurahi.

Kipimo cha kwanza ni kuchukua mtazamo wa mwingine: mtu hujitahidi kuliona jambo kwa upande wa mwenzake kabla ya kumhukumu. Cha pili ni kujali, yaani kuguswa na mtu aliye kwenye shida na kutaka apate nafuu. Cha tatu ni kuzama kwenye hadithi, yule mtu anayelia na mhusika wa riwaya au filamu. Cha nne ni dhiki binafsi: mtu akimkuta mwenzake kwenye hali mbaya, yeye mwenyewe anapaniki, anakosa la kufanya, anatamani kutoka nje. Huyu wa nne hana roho mbaya, anaumia kweli. Ila akili yake yote imeshikwa na maumivu yake mwenyewe, na njia ya haraka ya kuyapunguza ni kuondoka. Utamtambua kazini: kuna nyumba fulani hafiki, kila wiki ana sababu mpya.

Karatasi zako sijaziona, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme kabla ya mafunzo wastani wa kundi ulikuwa mtazamo 18, kujali 22, hadithi 14 na dhiki binafsi 17. Jumla 71. Baada ya mafunzo mtazamo 20, kujali 22, hadithi 13, dhiki 11. Jumla 66. Mfadhili anaona huruma imepungua kwa alama tano, kumbe wahudumu wameacha kupaniki mbele ya mgonjwa na wanamwelewa zaidi kidogo. Huenda kwako sivyo ilivyo, lakini hutajua mpaka utenganishe.

Kutenganisha ni kazi ya saa moja. Kama hukubadilisha mpangilio wa maswali, mtazamo ni swali la 3, 8, 11, 15, 21, 25 na 28. Kujali ni 2, 4, 9, 14, 18, 20 na 22. Hadithi ni 1, 5, 7, 12, 16, 23 na 26. Dhiki binafsi ni 6, 10, 13, 17, 19, 24 na 27. Kabla hujajumlisha, geuza maswali tisa yaliyoandikwa kwa kinyume: 3, 4, 7, 12, 13, 14, 15, 18 na 19. Kugeuza ni kutoa jibu kwenye 4, hivyo aliyejaza 0 anapata 4 na aliyejaza 1 anapata 3. Kwenye Ekseli ukiandika =4-B3 kisha ukavuta chini, umemaliza. Wengi husahau hatua hii na matokeo yote yanaharibika kimyakimya, maana namba zinaendelea kuonekana za kawaida. Jikague hivi: chukua karatasi ya kubuni iliyojazwa 4 kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Ikitoa 112, hujageuza. Ukigeuza sawasawa itatoa 76.

Kipimo cha hadithi kiache nje ya ripoti. Kinauliza habari za riwaya, michezo ya jukwaani na filamu, na mhudumu wa Njoro asiyesoma riwaya atapata alama za chini kwa sababu isiyohusiana kabisa na anavyomkalisha mgonjwa. Kubadilisha riwaya kuwa tamthilia za jioni kunavutia, lakini hapo umeunda swali jipya na huwezi tena kulinganisha na matokeo ya wengine.

Sasa tafsiri, na hapa ndipo ninapohofia zaidi.

Kiswahili kina tabia moja inayoyaua maswali ya kinyume. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe kweli hujala, unajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijala. Sasa chukua sentensi ya mfano: "Watu wakipata shida, huwa siwasikitikii sana." Mhudumu mwenye moyo mzuri anataka kuikataa. Ukimsomea kwa mdomo, anaweza kusema "Hapana" akiwa na maana kwamba si kweli, mimi nasikitika. Mwingine atasema "Hapana" akiwa na maana ya hapana, siwasikitikii. Anayejaza anaandika namba ileile kwa watu wawili wanaopingana. Kama uliwasomea baadhi yao kwa sababu miwani haikuwepo au muda ulikuwa mfupi, zitafute karatasi hizo uziweke pembeni. Kwenye tafsiri mpya, ondoa "si-" na "ha-" kila unapoweza na utumie kitenzi chenye maana ya kinyume: "Shida za watu huniacha nilivyo." Majibu nayo yasiwe ndiyo na hapana. Yaandike kwa maneno kamili, kuanzia "hainielezi kabisa" hadi "inanieleza vizuri sana", na anayesomewa aonyeshe kwa kidole.

Neno lenyewe "huruma" nalo lina mtego. Sisi tunamwonea huruma mtu aliye chini yetu: yatima, ombaomba, mgonjwa wa kitandani. Kumwonea mtu huruma na kumwelewa ni mambo mawili, na wapo wateja wanaokerwa na la kwanza. Mhudumu anayejaza "nina huruma sana" anaweza kuwa anakueleza anavyowatazama watu kwa juu. Wataalamu wengine huandika empathi. Kwenye dodoso ni bora kutotumia neno hilo wala huruma, bali kueleza tendo lenyewe: naguswa, najaribu kuelewa anavyoliona, nakosa la kufanya. Jihadhari pia na "moyo unaniuma". Kwa mtu aliyefunzwa kuuliza dalili za presha, huo ni ugonjwa wa moyo.

Tafsiri ya mtu mmoja, hata awe hodari vipi, haitoshi. Watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wakae walinganishe na kukubaliana toleo moja. Mtu wa tatu ambaye hajawahi kuona asili alirudishe kwa Kiingereza, nanyi mtazame palipopotea maana. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa kila mara, chukua watu watano hadi kumi wanaofanana na wahudumu wako, wasomee sentensi moja moja na uwaulize: "Hapa umeelewa nini? Niambie kwa maneno yako." Ukiona watatu wameelewa tofauti, sentensi hiyo irudi mezani. Gharama yake ni chai na nauli.

Kuna sababu nyingine ya alama kushuka ambayo haina kosa lolote la hesabu. Kabla ya mafunzo, mhudumu anajiona msikilizaji mzuri kwa kuwa hajui kusikiliza kuna nini ndani yake. Siku ya tatu ameshajua jinsi anavyomkata mteja maneno, anajipa alama ya chini kwa ukweli uleule. Rula imebadilika mkononi mwake. Dawa yake ni kumwuliza mambo mawili baada ya mafunzo: sasa uko wapi, na ukitazama nyuma, kabla ya mafunzo ulikuwa wapi. Andika zote mbili. Jibu la pili nalo lina upendeleo wake, maana mtu hupenda kuonyesha amepiga hatua, lakini likiwekwa kando ya lile la awali linaeleza mengi. Na kama dodoso la mwisho lilijazwa saa ya kugawa posho, hilo liandike kwenye ripoti. Watu hujaza mstari mmoja kushuka chini ili wawahi daladala.

Kuhusu kuwaondoa wenye alama za chini: dodoso hili haliwezi kubeba uamuzi huo. Mwaka 2019 Brett Murphy na Scott Lilienfeld walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha jinsi watu wanavyojieleza kwamba wanaelewa wengine na jinsi wanavyofanya kweli kwenye majaribio ya kusoma hisia. Wanavyojieleza kulieleza asilimia 1 tu hivi ya tofauti za wanavyofanya. Ukimfukuza mtu kwa dodoso la kujieleza umemfukuza kwa unyenyekevu wake. Usikimbilie pia yale majaribio ya kukisia hisia kwa picha za macho, yenye picha 36 na maneno manne ya kuchagua kwa kila picha. Sura ni za Wazungu, na maneno yametofautishwa kwa Kiingereza cha ndani mno. Utakuwa unapima Kiingereza.

Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mwulize anayekilalia. Kipimo kinachofaa kazi yako kinajazwa na mteja. Kipo kinachoitwa CARE, kilichotengenezwa na Stewart Mercer na wenzake huko Uskoti na kuchapishwa mwaka 2004: maswali 10, kila moja alama 1 hadi 5, jumla 10 hadi 50. Mteja anaeleza kama mtoa huduma alimfanya ajisikie huru, alimwacha aeleze habari yake, alimsikiliza kweli, alimwona yeye kama mtu kamili badala ya ugonjwa tu, na kadhalika. Maswali yasiyozidi mawili yakiachwa wazi unaweka wastani wa yale yaliyojibiwa, yakizidi unaiacha karatasi hiyo. Waliokitengeneza walionyesha kwamba ili kumtofautisha daktari mmoja na mwingine kwa uhakika unahitaji wagonjwa wapatao 50 kwa kila mmoja. Kwa hiyo wateja sita wa mhudumu mmoja hawatoshi kumweka juu au chini ya mwenzake. Kwa kundi zima, wateja sita kwa kila mhudumu ni karatasi 132, na hizo zinakupa picha nzuri.

Tegemea watu wengi kutoa 5 kila mahali. Mama wa Pasua hatamharibia kazi binti wa watu anayemletea dawa nyumbani, hasa kama karatasi inakusanywa na binti huyohuyo. Mtume mtu mwingine, ikiwezekana anayejua Kivunjo au Kimachame kwa ajili ya wazee, na aulize siku mbili tatu baada ya ziara. Ongeza maswali ya tukio, ambayo hayaombi sifa wala lawama: Alikaa au alisimama? Alikuuliza ni jambo gani linakupa wasiwasi zaidi? Alirudia kwa maneno yake ulichomwambia? Alipokea simu mkiwa mnaongea? Hapo adabu haiingilii sana, maana mtu anakumbuka tu kilichotokea.

Njia ya tatu ya kupima, baada ya dodoso na karatasi za wateja, ni kutazama. Wape igizo la dakika kumi, lilelile kwa wote, na watazamaji wawili wajaze kila mmoja karatasi yake bila kunong'ona. Igizo liwe hivi: bibi wa Kiborloni amefiwa na binti yake mwezi uliopita, tangu hapo ameacha dawa za sukari. Mhudumu anaingia na kusema, "Pole sana bibi, kazi ya Mungu haina makosa, yote mwachie Yeye. Sasa dawa unakunywa?" Kila neno hapo ni la heshima, na mlango umefungwa. Bibi atajibu "nakunywa" na mazungumzo yameisha. Mwingine anasema, "Pole sana bibi," ananyamaza, anahesabu moyoni hadi tano, halafu: "Tangu msiba, kitu gani kimekuwa kigumu zaidi kwako?" Bibi anaeleza kwamba binti ndiye aliyekuwa anampikia na kumkumbusha vidonge, sasa anakunywa chai asubuhi na hali tena mpaka jioni, na vidonge vikiingia tumbo tupu anatetemeka, ndiyo maana ameviacha. Huyo wa pili sasa ana taarifa ya kumpa daktari, kwani baadhi ya dawa za sukari bila chakula zinaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Usihesabu "pole", kila mtu anasema pole. Hesabu kilichofuata baada yake. Mambo sita yanatosha kwenye karatasi ya mtazamaji: aliuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, alirudia alichosikia, aliitaja hisia ("naona hili limekuchosha") na kusubiri kusahihishwa, aliacha kimya kipite, hakuingiza msiba wake mwenyewe, ushauri ulikuja baada ya kuelewa. Kila moja 0 au 1. Watazamaji wakikubaliana chini ya mara 8 kati ya 10, shida ni maelezo ya karatasi, yarekebisheni kabla ya kuendelea.

Sasa neno moja kuhusu mafunzo yenyewe. Angalia kama mkufunzi aliwaambia "vaa viatu vyake" au "ingekuwa wewe ungejisikiaje". Daniel Batson na wenzake walilijaribu hilo mwaka 1997. Wanafunzi walisikiliza mahojiano na msichana aliyefiwa na wazazi na kuachiwa wadogo zake. Walioambiwa wafikirie yeye anajisikiaje waliguswa. Walioambiwa wafikirie wao wangejisikiaje waliguswa pia, lakini waliingiwa na dhiki binafsi kuliko wale wengine. Mtu anayetembelea kaya nane kwa siku, akijiingiza yeye kwenye kila msiba, kufikia Alhamisi hana kitu kilichobaki. Badilisheni sentensi hiyo kwenye mwongozo: "Yeye analionaje? Mwulize."

Wale wenye dhiki ya juu, tuseme 18 kwenda juu kabla na baada ya mafunzo, ndio wa kuwashika mkono, na hiyo 18 ni mpaka wa busara tu, haupo kwenye dodoso. Waangalie kama wanatoa hela ya mfukoni kwa wateja, kama hawalali, kama wameanza kuongea kwa ukali na watu waliowapenda. Kikao cha dakika 45 kila baada ya wiki mbili, watu sita sita, kila mmoja alete kaya moja iliyomlemea, kinafaa kuliko semina nyingine. Wapunguzie pia kaya nzito, zisimwangukie mtu mmoja kwa sababu tu "yeye ana moyo".

Huenda mfadhili akauliza yote haya yana faida gani. Utafiti wa Mohammadreza Hojat na wenzake, uliochapishwa 2011, ulifuatilia wagonjwa wa kisukari 891 wa madaktari 29 huko Marekani. Kati ya wagonjwa wa madaktari wenye alama za juu za empathi, asilimia 56 walikuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri; kati ya wale wa madaktari wenye alama za chini, asilimia 40. Haithibitishi kwamba empathi ndiyo iliyoshusha sukari, lakini pengo hilo si dogo. Karibu na kwetu kuna Harare, ambako wahudumu wa kawaida wa jamii walikaa na wateja kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja moja. Jaribio lao kwenye zahanati 24, lililochapishwa 2016, halikuhangaika na alama za huruma za wahudumu. Lilipima dalili za sonona na wasiwasi za wateja baada ya miezi sita, nazo zilikuwa zimepungua sana kuliko za waliopata huduma ya kawaida.

Nawe ongeza hilo. PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, ipo kwa Kiswahili: maswali tisa, alama 0 hadi 27, na 10 kwenda juu mteja anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru. Usilianze mpaka umekubaliana na hospitali ya mkoa nani anapigiwa simu. Mteja akijibu chochote juu ya 0 hapo, mhudumu haondoki nyumbani kabla hajakupigia, bila kujali jumla ni ngapi.

Kwenye ripoti, weka vipimo vitatu vya dodoso (mtazamo, kujali na dhiki binafsi) kila kimoja kivyake. Kwa kila mhudumu toa alama ya kabla kwenye ya baada, tafuta wastani wa tofauti hizo na mtawanyiko wake kwa fomula ya STDEV ya Ekseli, kisha gawa mtawanyiko kwa 4.69, ambayo ni kipeuo cha pili cha 22. Zidisha mara mbili, ongeza na kutoa kwenye wastani. Kwa mfano ule wa juu, dhiki ikishuka kwa 6 na mtawanyiko ukiwa 5, ukweli unaelekea kuwa kati ya kushuka 3.9 na 8.1, na unaweza kusema imeshuka. Mtazamo ukipanda kwa 2 na mtawanyiko ukiwa 6, unapata kati ya kushuka 0.6 na kupanda 4.6. Sifuri imo ndani, basi usidai umepanda.

Haya yanawezekana tu kama karatasi za mtu mmoja zinaoana. Kama hukuweka alama ya siri, mara ijayo tumia herufi mbili za kwanza za jina la bibi mzaa mama pamoja na siku ya kuzaliwa, kama NA17. Ukitaka kuchapisha kama utafiti utahitaji kibali cha maadili kabla ya kukusanya, si baada. Mwombe mfadhili miezi mitatu, upime tena mhudumu akiwa ameshazoea, ukiwa na karatasi za wateja mkononi.